Uzi: Negativu za picha za papo hapo tunazozitupa, na namna ya kuziokoa katika joto na chumvi ya mwambao

Mwana wa Mkomani (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na salamu za heshima kwa kila mpiga picha wa mwambao huu, mkubwa kwa mdogo.

Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya mkebe wa biskuti. Ulikuwa mkebe wa ami yangu, ambaye kwa miaka mingi alipiga picha za vitambulisho katika chumba cha chini cha nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu, na alipofariki ulinifikia mimi pamoja na kamera yake na mabeseni mawili ya plastiki. Ndani mlikuwa na negativu 41 za filamu ya Polaroid aina ya 665, ile ya pakiti iliyokuwa ikitoa vitu viwili kwa mpigo mmoja: picha ya karatasi ya kumpa mtu mkononi, na negativu halisi ya nyeusi na nyeupe, yaani picha ya asili ambayo giza na mwanga vimebadilishana nafasi, inayopitisha mwanga, yenye ukubwa wa takriban sentimita 8.5 kwa 10.8. Mwenye picha aliondoka na picha yake, negativu ikabaki kwa ami. Picha zenyewe nyingi zimekwisha kupotea. Ilikuwa lazima zipakwe dawa ya kuzihifadhi kwa kijiti kilichokuja ndani ya boksi la filamu, na watu waliozipokea zikiwa hazijapakwa vizuri wamezishuhudia zikipauka ukutani mwaka baada ya mwaka. Kilichobaki cha nyuso zile ni kile kilichomo mkebeni.

Katika hizo 41, negativu 29 zilikuwa safi kana kwamba zimetoka majini jana. Nyingine 12 ami hakuwahi kuzisafisha. Zilikuwa zimeshikamana mbili mbili na tatu tatu, zina rangi ya kahawia, na dawa imeganda juu yake kama uji uliokaukia ubavuni mwa sufuria. Nilizilowesha katika maji baridi nikasubiri zijiachie zenyewe bila kuzivuta, kisha nikazisafisha kwa utaratibu nitakaoueleza hapa chini. Saba zilifunguka, zikiwa na madoa lakini nyuso zinaonekana. Tano zilipoachana, kila moja iliondoka na kipande cha jelatini ya mwenzake, yaani ule utando laini unaobeba picha, na hakuna mkono utakaozirudisha.

Ninachotaka tukielewe ni hiki: ile karatasi chafu tunayoibandua na kuitupa ndiyo filamu yenyewe iliyokaa nyuma ya lenzi, na picha tunayoifurahia ni nakala yake. Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, alipowaonyesha wataalamu wa mambo ya mwanga kazi hii mjini New York mwezi wa Februari mwaka 1947, jambo alilolifanya lilikuwa kuikusanya kazi yote ya chumba cha giza ndani ya mfuko mdogo wa dawa nzito. Unapoivuta filamu kutoka kwenye kamera, roli mbili huupasua mfuko huo na kuitandaza dawa baina ya negativu na karatasi ya kupokea. Chembe za fedha zilizopigwa na mwanga huwa nyeusi na kubaki pale pale zilipo. Chembe ambazo hazikupigwa na mwanga huyeyushwa na dawa hiyo hiyo, huvuka kwenda upande wa pili, na huko ndiko zinakogeuka kuwa picha. Kwa hiyo sehemu iliyokuwa na giza hupelekwa kwenye karatasi, na sehemu iliyokuwa na mwanga hubaki kwenye negativu. Katika filamu nyingi za papo hapo za nyeusi na nyeupe negativu ilikaa juu ya karatasi isiyopitisha mwanga, ikawa ya kutupwa. Polaroid ilipotoa Type 55 mwaka 1961, na baadaye hii 665, negativu iliwekwa juu ya plastiki angavu makusudi ili isafishwe na kutumika. Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa Marekani aliyekuwa mshauri wa kampuni hiyo, aliipiga kwa Type 55 picha yake ya mlima wa El Capitan mwaka 1968, na negativu ya picha ile ilitoka katika filamu ambayo watu wengi waliiona ya kufanyia majaribio tu.

Utaratibu wa 665 ni mwepisi, ila hautaki uvivu. Baada ya kubandua, usiiweke negativu ikauke huku unamhudumia mteja mwingine. Itie mara moja katika beseni la maji yaliyoyeyushwa sodiamu salfaiti kwa kiasi cha asilimia 18, uitikise taratibu kwa dakika moja au zaidi mpaka utando wote utoke, kisha uisuuze katika maji safi yanayobadilika kwa dakika tano, na mwisho uichovye katika maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita ili maji yateremke bila kuacha alama. Ining'inize kwa pembe moja mahali pasipo na vumbi. Ikiwa mbichi jelatini yake ni laini mno, kiasi kwamba ukucha wako unaweza kumpasua mtu uso.

Ami alikuwa na kanuni yake ya mwanga, na sasa naifahamu sababu yake. Picha na negativu za filamu hii hazitaki mwanga sawa. Ukipiga hadi picha ya karatasi ikupendeze, negativu hutoka nyembamba, haina kitu katika vivuli. Ukitaka negativu nono, ni lazima uongeze mwanga, na hapo picha ya karatasi itatoka imepauka. Alipopiga kitambulisho alipigia karatasi. Alipompiga mzee aliyemheshimu, alipiga mara mbili.

Sasa nije kwenye filamu ambayo wengi wetu tumeitumia wenyewe, Fuji FP-100C ya rangi, ile ya kamera za pasipoti, ambayo kampuni ilitangaza mwaka 2016 kuwa haitaitengeneza tena. Hii haikuundwa ili negativu yake itumike, lakini inatumika. Rangi ambazo hazikuvuka kwenda kwenye picha hubaki kwenye filamu, na kwa pamoja hufanya picha iliyo kinyume, yenye maelezo mengi kuliko karatasi. Kizuizi ni rangi nyeusi iliyopakwa mgongoni, na rangi hiyo huondolewa kwa jiki ya kawaida ya kufulia nguo.

Acha negativu ikauke kabisa, uso juu, ndani ya boksi lenye kifuniko kilichoinuliwa kidogo. Ondoa karatasi za pembeni. Ilaze juu ya kioo, uso wa picha ukiangalia chini, na uizibe pande zote nne kwa selotepu pana isiyopitisha maji, ikiingia milimita nne au tano ndani ya ukingo. Kisha paka jiki kidogo mgongoni kwa burashi laini. Baada ya dakika moja hivi utaona weusi unalegea na kugeuka tope. Ufute kwa sponji, suuza, rudia, mpaka uone kioo kupitia kwenye filamu. Hapo ndipo uibandue selotepu, uigeuze negativu, na kuusafisha uso wa picha kwa maji yanayotiririka polepole hadi mabaki ya dawa yatoke.

Katika selotepu ndipo nilipoharibikiwa. Nilikuwa na negativu ya bibi yangu, Mungu amrehemu, ameketi dakani, pale kibarazani mlangoni, anashona mkeka, ukili umezunguka miguuni pake, na picha ya karatasi ilikuwa imekwisha kuliwa na jua la dirishani. Sikuibana pembe ya kushoto sawasawa. Nilipopaka jiki mara ya pili niliona mstari mwembamba wa unyevu ukitambaa chini ya selotepu, na kabla sijaufikia bomba, mkono wa kushoto wa bibi na nusu ya mkeka vilikuwa vimegeuka manjano, kisha vyeupe, kisha hakuna. Ulikuwa muda mfupi kuliko wa kuisoma sentensi hii. Tangu siku hiyo kila ukingo naupitia kwa kijiko mara mbili, na naanza na negativu nisiyoijali.

Mwenye uzoefu zaidi anisahihishe, na mwenye swali aulize.

Mpiga Picha wa Malindi

Waaleikum salaam, kaka. Nimekusoma kwa makini nikaona haya, kwa sababu nimefanya kazi ya pasipoti hapa Malindi kwa kamera ya lenzi nne tangu nilipokuwa kijana, na sikuwahi hata siku moja kuiona negativu kama kitu. Hata hivyo nilikuwa na desturi ya kuzirushia ndani ya katoni chini ya meza ili zisichafue sakafu, na katoni moja ya miaka ya 2013 na 2014 bado ipo stoo. Nimeifungua leo. Zimekauka kama ngozi ya papa, juu yake kuna ungaunga mweupe, na baadhi zimejikunja. Je, zinaokoleka, au muda umekwisha kupita?

Mwana wa Mkomani

Kaka, usiitupe hiyo katoni. Kukauka peke yake hakuiui negativu ya FP-100C, na mimi mwenyewe nimeona ni rahisi kuifanyia kazi ikiwa kavu kuliko ikiwa bado inanata. Ule ungaunga ni dawa iliyokauka, nayo hutoka kwa maji. Adui ni mambo mawili. La kwanza ni kushikamana, na hapo usitumie nguvu wala kisu, bali maji baridi na subira. La pili ni kuvu, kwa kuwa jelatini ni chakula, na katika unyevu wa kwetu kuvu haihitaji mwaliko. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui juu ya picha, hiyo tayari imeanza kuliwa, kwa hiyo ishughulikie kabla ya nyingine.

Zilizojikunja usizinyooshe kwa mkono, maana zitapasuka. Ziweke usiku mmoja ndani ya boksi lenye kitambaa chenye unyevu kidogo kisichozigusa, nazo zitalainika.

Bi Langoni

Baba, naomba niingie. Mimi si mpiga picha, ila mume wangu alikuwa, na hizo karatasi zimekaa nyumbani kwangu. Nina wajukuu. Hiyo dawa inayonata ina madhara? Na hiyo jiki nayo, katika nyumba zetu hizi za mawe zisizo na madirisha mengi, si hatari?

Mwana wa Mkomani

Bi, umeuliza swali ambalo ilinipasa kulijibu kabla hujauliza, na naomba radhi. Dawa iliyomo katika filamu hizi ni kali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Ikiwa bado mbichi inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni ya kukimbilia maji mengi na kisha daktari. Ikikauka hupungua ukali, lakini ikishikwa na mkono wenye jasho huamka tena, kwa hiyo wajukuu wasiziguse na wewe uvae glavu. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wenzangu wasizitupe kwenye vichochoro. Punda wetu hula karatasi, na watoto huokota kila kinachong'aa.

Jiki itumike kidogo kidogo, uani au juu ya dari penye upepo. La muhimu kuliko yote, isichanganywe na ndimu, siki, wala kitu chochote chenye ukali wa asidi. Najua desturi yetu ya kuondoa harufu kwa ndimu. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo cha mawe kikijaa gesi hiyo ni msiba. Isichanganywe vilevile na dawa za kusafishia zenye amonia.

Kama hujisikii kuifanya kazi hii, Bi, usiifanye. Zipange tu, moja moja, katika bahasha za karatasi, zisigusane, mpaka apatikane wa kukusaidia. Usizitie katika mifuko ya plastiki iliyofungwa, kwa kuwa unyevu huingia humo usitoke.

Maalim wa Kemia

Bwana Mkomani amesema kweli, nami nitaongeza mawili ya fani yangu, kwa kuwa nimeona watu wakipoteza picha kwa sababu ya herufi moja. Dawa inayotakiwa kwa 665 na Type 55 ni sodiamu salfaiti. Sodiamu salfeti ni kitu kingine kabisa, chumvi isiyofanya chochote hapa. Sodiamu metabaisalfaiti nayo ni ya tatu, na ina asidi ndani yake. Zote tatu ni unga mweupe, na muuzaji mwenye haraka hukupa iliyo karibu na mkono wake. Mwaka mmoja niliuziwa salfeti na duka moja ambalo sitalitaja, nikaitia negativu ndani, nikaitikisa robo saa nzima, na utando ulibaki pale pale. Soma karatasi ya mfuko wewe mwenyewe.

Kuhusu kipimo, gramu 220 za salfaiti kavu katika lita moja ya maji zitakupa karibu asilimia 18 kwa uzito. Tia unga ndani ya maji ya uvuguvugu huku ukikoroga, usifanye kinyume, maana ukimwaga maji juu ya unga utashikamana kama jiwe. Ihifadhi katika chupa iliyojaa hadi shingoni na kufungwa vizuri, kwa sababu hewa huigeuza polepole kuwa ile ile salfeti isiyofaa, na joto huharakisha. Mwenye pumu asiinamie beseni, kwa sababu salfaiti humchokoza. Na kwa kuwa mmetaja jiki katika uzi huu huu, dawa hizi mbili zisikutane kamwe katika chombo kimoja, maana hupambana na kutoa joto kali. Kila moja iwe na beseni lake, lenye alama.

Mwana wa Mkomani

Shukrani, Maalim. Umenikumbusha jambo la maji, ambalo kwa sisi wa Lamu lina uzito kuliko dawa.

Maelezo ya filamu hizi yaliandikiwa watu ambao bomba lao hutoa maji ya baridi. Hapa maji ya tangi la juu ya dari, saa nane mchana wakati wa kaskazi, ni ya kuogea mtoto mchanga. Jelatini laini ikiingia katika maji ya nyuzi 30 na zaidi huvimba, huachia kwenye kingo, na wakati mwingine hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Tena lisilofaa zaidi ni kuitoa katika maji ya moto na kuitumbukiza katika ya baridi kwa ghafla, kwa kuwa hapo hupasuka vijistari vidogo visivyohesabika. Mabeseni yote yawe na joto moja. Ami alitumia maji ya mtungi, na sikuwahi kuelewa kwa nini mtungi ule haukuwa wa kunywea. Udongo huvuja kidogo, unyevu hukauka nje kwa upepo, na maji ya ndani hupoa bila umeme wala barafu. Mimi nafanya kazi baada ya isha, kwa maji ya mtungi huo huo, na nikizidiwa nakwenda kununua barafu ya wavuvi, naiweka ndani ya mfuko uliofungwa ili isichanganyike na maji ya kusafishia.

Jambo la pili ni chumvi. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi na chokaa, na negativu iliyosuuzwa nayo hukauka ikiwa na madoa meupe ya duara ambayo hayatoki tena. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua. Wazee waliojenga majabia ya kukingia mvua hawakuyajengea filamu, lakini lita mbili za maji hayo, yaliyochujwa kwa kitambaa cha pamba, zinatosha negativu kumi.

Kijana wa Barani

Shikamooni wakubwa zangu. Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini tusizianike juani juu ya dari ili tumalize mapema? La pili, mimi nina kamera ya Instax, ile ya papo hapo ya Fuji, na nimepiga harusi ya dada yangu. Je, negativu yake naitoa vipi?

Mwana wa Mkomani

Marahaba, mdogo wangu. Juani hapana. Jelatini yenye maji ikipata jua la saa sita huyeyuka, na upepo wa pwani una mchanga na chumvi ndani yake, ukinata hautoki. Kivulini, ndani ya kabati tupu au chini ya chandarua safi, usiku kucha.

Instax ni ukoo mwingine. Tangu Polaroid ilipotoa SX-70 mwaka 1972, filamu za aina hiyo huwa zimefungwa, negativu na picha ndani ya bahasha moja ya plastiki, na hakuna kubandua. Ukizitenganisha utaiharibu picha ya harusi ya dada yako. Kwako asili na nakala ni kitu kimoja, kwa hiyo ipige skani sasa ingali na rangi zake, kisha uiweke mbali na dirisha.

Kijana wa Barani

Nimekuelewa, kaka. Na kwa asiye na skana, simu inafaa?

Mwana wa Mkomani

Inafaa sana, ukiwa na utulivu. Chukua tableti, fungua ukurasa mweupe mtupu, uongeze mwangaza wote. Usiilaze negativu juu ya kioo cha tableti moja kwa moja, maana utapiga na vijidoa vya skrini. Iinue sentimita tatu au nne juu ya fremu ya kadibodi. Zima taa nyingine, simu iwe sambamba na negativu, imeegemezwa juu ya vitabu na si mkononi, na upige kwa kutumia saa ya kuchelewesha. Kisha geuza rangi kwa programu yoyote ya kuhariri. Kumbuka kwamba ukiitazama kwa upande wa jelatini picha imegeuka kama katika kioo, kwa hiyo maandishi ndiyo yatakayokusahihisha. Za FP-100C zikigeuzwa hutoka na rangi za ajabu, na utalazimika kuzisawazisha moja moja. Anza na kitu unachokijua kuwa cheupe, kama kanzu au kofia.

Kwa wenye Fuji FP-3000B, ile ya nyeusi na nyeupe, negativu yake iko juu ya karatasi. Jiki haina kazi hapo. Ikikauka, ipige skani kama picha ya kawaida, uigeuze, basi.

Mpiga Picha wa Malindi

Kaka, nimerudi baada ya siku nne. Ilikuwa kama ulivyosema: ya kwanza niliiunguza, ya pili ilipasuka kwa sababu niliinyoosha, na ya tatu ilifunguka. Nimefika ya kumi na saba. Nilidhani nitakuta pasipoti tupu, vichwa vinne vinne vya mtu mmoja, na nyingi ni hizo. Lakini chini ya katoni zilikuwepo sita nilizozipiga kwa kamera nyingine, za kubahatisha, nilipokuwa namaliza pakiti kabla haijaharibika.

Moja ni ya marehemu baba yangu. Amesimama karibu na Nguzo ya Vasco da Gama, amevaa kanzu, mkono mmoja ameuweka kwenye paji la uso kujikinga na jua. Ile picha ya karatasi naikumbuka, kwa sababu sikuipenda: mwanga ulikuwa mkali, kanzu na mbingu vilikuwa kitu kimoja cheupe, na baba mwenyewe akasema amekuwa mzimu. Nikaitupa mbele yake. Katika negativu kanzu ina mikunjo. Tarizi ya shingoni inaonekana, na nyuma yake bahari ina ule wekundu wa matope ya Mto Sabaki wa msimu wa mvua, na mashua mbili ambazo sikuziona siku ile. Kwenye mkono alioushusha ameshika kifunguo cha duka la studio, kile chenye uzi wa kijani. Ninacho bado.

Nataka kuitoa kubwa nimpelekee mama. Swali langu ni moja: uso wa negativu una alama ya kidole, nadhani ni changu cha wakati ule, juu ya bega la kulia. Niioshe tena au niiache?

Mwana wa Mkomani

Mungu amrehemu mzee. Iache, kaka. Alama ya kidole iliyokaukia ndani ya jelatini haitoki kwa maji, na kila unapoiosha upya jelatini inavimba na kukusogeza karibu na hasara. Piga skani kwanza, mara mbili, uhifadhi nakala mahali pawili. Bega ulitengeneze kwenye kompyuta ukipenda. Negativu yenyewe itie katika bahasha ya karatasi, uiandike jina lake na mwaka kwa penseli kabla hujaitia ndani, na uiweke katika mkebe wenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, juu kabatini, mbali na ukuta wa nje. Usiiweke kwenye kidaka cha ukutani, hata kama ndicho mahali pa heshima nyumbani, kwa sababu mawe ya matumbawe hutoa jasho wakati wa kusi.

Na zile pasipoti, vichwa vinne vinne, usizitupe nazo. Zitandike mezani siku ya Ijumaa baada ya sala, uwaite majirani waje kuzitazama.

Bi Langoni

Mimi nimezipanga za mume wangu katika bahasha, 63. Akipatikana kijana wa kuaminika kutoka huku mjini, nitampa chai na mahamri.

Kijana wa Barani

Bi, nitavuka na basi la Jumamosi kutoka Malindi hadi Mokowe, ng'ambo ya Lamu, inshallah. Glavu na selotepu nitakuja nazo. Naomba tu maji ya mvua yawe tayari.